Bahari ya Kaka

Jumapili, 2 Machi

Profesa amekuja leo, yule aliyekuwa akimsimamia Kaka chuoni. Hatukuwa tumemwona tangu mazishi, miezi minane sasa. Nilimwamkia nikakimbilia jikoni — kama kawaida yangu! — lakini nilisikia yote.

Anasema utafiti wa Kaka umekamilika. Kile chombo cha angani kinachoizunguka sayari ya Mshtarii kimeupita mwezi wake mmoja mdogo mara saba, na mara zote saba kipimo cha sumaku kilishuka kidogo, palepale karibu na mwezi. Kaka alikuwa amemtumia muhtasari wa maana yake: chini ya barafu kuna maji ya chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo uga wa sumaku wa sayari ukifika pale unavurugika. Profesa atausoma utafiti huo kwenye mkutano mkubwa wa chuo, Ijumaa ya tarehe 14. Jina la Kaka litatangulia.

Mama aliweka chini gauni la mteja alilokuwa akilishona. Halafu akauliza, "Bahari kabisa?"

"Bahari kabisa, Mama."

Shida ni mwandiko. Profesa amejaribu kulisoma daftari la Kaka la utafiti, akashindwa. Eti hata kuku angejitahidi zaidi. Mama akaniita. Ni mimi tu ninayeuweza ule mwandiko, kwa sababu Kaka ndiye aliyenifundisha kusoma. Natakiwa nilipige chapa daftari zima, kurasa sitini na mbili, hadi Jumapili ijayo.

Nikakubali. Kwa kichwa tu.

Jumanne, 4 Machi

Kurasa kumi na tisa. Katikati ya hesabu anaandika mambo yake: "Njaa!" Au: "Bubu kaniibia kalamu." (Bubu ni mimi. Na sikuiba, niliazima.) Nilicheka. Kisha nikalala kifudifudi mpaka Mama aliponiita kula.

Mama amewaambia wateja wake wote. Leo mwenye duka la vitambaa alikuja kuchukua gauni lake, akauliza hiyo bahari ya mbinguni ina samaki? Mama akamjibu, wapo, tena wamegandishwa tayari, huhitaji friji. Akacheka! Mama! Pini zikamdondoka mdomoni, nikaziokota huku yeye bado anacheka. Sijamsikia hivyo tangu Julai.

Alhamisi, 6 Machi

Ukurasa wa arobaini una jedwali la mipito, yaani kila mara chombo kilipoupita mwezi. Nimehesabu mara tatu. Si saba. Ni tisa!

Miwili ameikata kwa mstari na kuandika pembeni: "data mbovu?" Katika hiyo miwili kipimo hakikushuka hata kidogo.

Data za chombo ziko wazi kwa kila mtu, na Kaka alinionyesha jinsi ya kuzipakua. Nikatafuta orodha ya amri ambazo chombo hutumiwa: saa fulani geuka, saa fulani washa kamera. Na kabla ya kamera: washa hita. Huko ni baridi mno, lenzi lazima ipashwe moto kwanza.

Mipito saba, hita iliwashwa. Katika ile miwili mwezi ulikuwa gizani. Hakuna picha. Hakuna hita.

Umeme ukipita kwenye waya, sumaku inazaliwa. Tulifanya darasani kwa betri na dira. Nimevunja ncha ya penseli.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimsubiri mwalimu wa fizikia nje ya maabara. Nilisema ni swali la rafiki yangu. Akalisikiliza lote, hata nilipokuwa naongea na viatu vyangu. Nikamwambia, lakini Mwalimu, kifaa cha kupima sumaku kimewekwa kwenye mlingoti mrefu, makusudi kiwe mbali na nyaya. Akasema mlingoti hupunguza athari ya nyaya, hauimalizi. Rafiki yangu atafute siku ambayo hita iliwashwa mbali na mwezi. Kikishuka huko pia...

Akachukua madaftari yake.

"Rafiki yako ana akili," akasema. "Mwambie pole."

Jumamosi, 8 Machi

Kimeshuka.

Kilomita milioni mbili kutoka mwezini, hakuna kitu chochote jirani, hita ikawashwa kwa majaribio — na kipimo kikashuka vilevile, kiasi kilekile. Nimeiweka grafu hii juu ya ile ya Kaka dirishani. Zinalingana kama nyayo za mtu mmoja.

Labda bahari ipo. Lakini chombo hakijaiona. Kilikuwa kinajipima chenyewe, na Kaka akadhani ni mwezi.

Jioni Mama alinisimamisha juu ya kigoda anipimie gauni atakalovaa yeye siku ya mkutano, maana sasa tuna kimo kimoja. "Simama wima, usijipinde kama uliyeelemewa na gunia." Alizunguka na chaki yake. Halafu, bila kuniangalia, akasema watu walikuja msibani wakamwambia mtoto wake kaondoka mdogo, hajaacha kitu. Akasema, sasa waje wasikie.

Nilikuwa nimejaa pini kila upande. Nikifungua mdomo nachomwa, nilijiambia. Uongo. Pini zilikuwa kiunoni.

Jumapili, 9 Machi, asubuhi

Ukurasa wa sitini na mbili. Nilikuwa sijaufungua, sijui kwa nini. Labda kwa sababu baada yake hakuna mwingine.

Mistari mitatu tu. Tarehe ni ya Jumamosi, kesho yake ndipo homa ilipomwanza.

"Ile miwili si mibovu. NI HITA?
Kuangalia Jumatatu.
Kama ni kweli, kumwambia Prof mwenyewe."

Jumatatu alikuwa hospitali. Jumatano tulimzika.

Nimepiga chapa hadi wa sitini na moja. Profesa anakuja saa nne.

Bado Jumapili

Profesa yuko sebuleni. Amezihesabu karatasi kwa kidole na kuuliza kama ndizo zote. Ningeweza kuitikia kwa kichwa.

"Bado mmoja," nikasema. Sauti ilitoka kubwa, hata mimi nilishtuka.

Mama alilichukua daftari mkononi mwangu, akalifungua mwisho. Akapitisha kidole juu ya ile mistari mitatu, taratibu, kama anavyopapasa kitambaa kizuri kabla ya kukikata. Gauni limekamilika, limetundikwa mlangoni nyuma yake.

"Haya ndiyo ya mwisho aliyoandika?"

Nikasema ndiyo.

"Basi nisomee, mwanangu. Na Profesa asikie."

Nikasema nafuata miwani. Miwani ninayo usoni.

Nimekaa kitandani naandika haya, daftari la Kaka liko kwa Mama. Profesa anamwambia hakuna haraka. Mama anacheka kidogo, anasema, msubiri tu, huyu ni mwoga wa watu, lakini kwa kusoma humwezi, haruki hata nukta.

Ananiita tena.