Vipimo vya Januari

2 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na lile goti limeacha kugombana na ngazi. Mimi sijambo, ila sauti imekwaruza kidogo.

Mwaka wa pili si mchezo, ingawa tunasomea mchezo. Asubuhi tunaimba, mchana tunacheza ngoma, jioni tunaigiza, halafu mwalimu anataka vyote vitatu kwa mara moja na uso usionyeshe kuwa unateseka. Kuna somo zima la kulala chali sakafuni na kitabu tumboni, kitabu kipande na kushuka. Usicheke. Maziwa nimeacha, yananiletea makohozi kooni. Na ngoma nimepumzishwa wiki mbili, kifundo cha mguu kiliteguka, si jambo kubwa.

Sasa ombi. Tarehe 20 Aprili nina mtihani wa jukwaani mbele ya watu. Nitakuwa mwanamke mwenye duka la saa ambaye mumewe kaondoka, na wimbo wake unamalizikia kwa mstari mmoja mrefu unaoimbwa kwa pumzi moja. Nikianguka hapo narudia mwaka mzima. Nataka gauni refu la bluu, kola ya juu, la kubana mpaka kiunoni. Wenzangu wanaazima. Mimi nimejigamba kwamba mama yangu ni fundi, usiniaibishe. Vipimo viko kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha.

Mwanao,
Kelele


11 Februari

Mwanangu Kelele,

Marahaba. Goti ni lile lile, na ngazi ni zile zile. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara inanipa swali jipya. Karatasi ya vipimo si mwandiko wako. Ile saba yenye mkia ni ya nani? Mtoto niliyemkuza kwa maziwa anayakimbia, kwa nini? Ngoma umepumzishwa, sawa, mguu. Na chuo gani hicho watu wanafundishwa kulala chali? Mimi nilidhani hilo mtu huzaliwa akilijua.

Usinipigie simu kunijibu. Kwenye simu utaniigizia, ndiyo kazi uliyokwenda kusomea. Niandikie. Mkono haujui kuigiza.

Una jambo la kuniambia?

Mama yako


19 Februari

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Mimi mzima, mguu unapona, kesho kutwa narudi kwenye ngoma.

Ile saba yenye mkia ni ya mpiga kinanda wetu. Mwalimu wa mavazi alikuwa ananipima, nikiwa nimeinua mikono juu kama mwizi aliyekamatwa, sasa ningeandikaje? Akasoma namba, kijana akaandika. Basi. Maziwa nimeshakueleza. Jambo la kukuambia sina.

Mama, nawe! Wewe shona tu. Siku zinakimbia.

Mwanao,
Kelele


3 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nimelala vibaya siku kadhaa, lakini si ugonjwa.

Nitasema wazi, maana kuzunguka kumenichosha. Januari kabla hujaondoka nilikushonea sketi mbili. Nilikupima mwenyewe, daftari ninalo hapa mezani. Chini ya kifua ishirini na tisa, kiuno ishirini na sita, nyonga thelathini na nane. Karatasi yako inasema chini ya kifua thelathini na moja, kiuno ishirini na nane na nusu, nyonga thelathini na nane ile ile.

Mtu akinenepa kwa chakula, nyonga hutangulia. Nimepima wanawake wa mtaa huu miaka ishirini, sijaona kiuno kikiongezeka inchi mbili na nusu nyonga zikiwa zimelala usingizi. Nimeona kwa sababu moja tu. Weka hapo maziwa yanayokuchefua, weka ngoma uliyopumzishwa, weka kijana anayeandika inchi za kiuno chako. Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu.

Ni ya miezi mingapi? Na huyo wa kinanda anajua?

Sitakupiga wala sitakufukuza. Ila usinidanganye.

Mama yako


12 Machi

Mama,

Shikamoo.

Barua yako nimeisomea chooni ili wenzangu wasinione nikilia. Halafu nikacheka, halafu nikalia tena.

Sina mimba. Mwalimu wa mavazi hutupima tukiwa tumejaza pumzi. Ndivyo wanavyopimwa waimbaji wote hapa. Pumzi haikai mabegani, inashuka chini, mbavu zinafunguka, kiuno kinatanuka. Ndicho kile kitabu cha tumboni kinachofundisha. Ukishona kwa kipimo cha mtu aliyetulia, gauni litapendeza kwenye picha na mwimbaji atakufa jukwaani. Nilidhani fundi wa miaka ishirini angeuliza kwanza nilipimwaje.

Hukuuliza hivyo. Uliniuliza miezi mingapi.

Kama huniamini, nitaazima gauni kama wenzangu. Lakini nijibu mapema, nisibaki uchi tarehe ishirini.

Mwanao


10 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Gauni hili hapa kwenye mfuko. Bluu, kola ya juu, zipu ya mgongoni.

Nimelishona kwa vipimo vyangu vya Januari. Kama ni pumzi tu, pumzi hutoka, na gauni litakuingia. Kama haliingii, utajua wewe na mimi nitajua. Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Mlango uko wazi.

Mama yako


22 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini ulisafiri salama.

Ndiyo, najua. Ngoja nifike huko.

Gauni liliniingia. Zipu ilipanda mpaka juu bila kelele, wenzangu wakapiga makofi, nikasema moyoni, haya Mama, umeona? Nikawa na hasira mpaka natamani kukupigia picha. Kisha mpiga kinanda akaanza wimbo. Beti mbili za kwanza nilizipita. Nilipofika kwenye ule mstari wa mwisho nikavuta pumzi, ikagonga kitambaa, ikarudi. Sauti ikakatika katikati. Nikajaribu mara nne. Mwalimu akaniambia nitafute gauni jingine, na ilikuwa imebaki siku moja, na ya kuazima yalikuwa yamekwisha.

Nilikuchukia, Mama. Bora niseme. Nilisema huyu yuko tayari nirudie mwaka ili ashinde ubishi.

Nikachukua wembe nifumue pembeni, nitie kiraka chochote cha bluu. Na pale ndani nikakuta kitambaa. Inchi moja na nusu kila upande, imekunjwa, imepigwa pasi, imeshikizwa kwa mkono kwa mshono ule wako mdogo mdogo. Fundi hukunja nusu inchi, ulinifundisha mwenyewe. Hii haikuwa ya mshono. Ulikuwa unamwekea mtu nafasi.

Nilikaa sakafuni muda mrefu na lile gauni mapajani. Ulikuwa huniamini hata kidogo, na bado hukutaka nikose nguo.

Nikalitanua, nikashona upya, nikapiga pasi. Tarehe ishirini nikaingia jukwaani. Ule mstari wa mwisho niliuimba wote, na ilibaki pumzi ya kushangaa. Nimefaulu, Mama.

Sasa nieleze. Mpiga kinanda ananiambia aliona nyuma kabisa, karibu na mlango, mama mmoja amekaa ukingoni mwa kiti na futi ya kupimia shingoni. Taa zilipowashwa hayupo. Ni mwanamke gani mwingine anayesafiri siku nzima na futi shingoni?

Kwa nini hukuja kunisalimia?

Mwanao,
Kelele


30 Aprili

Mwanangu Kelele,

Marahaba, na hongera. Nilifika salama. Ile futi niliigundua kwenye basi la kurudi, abiria mmoja aliponiuliza kama naenda kupima kiwanja.

Nilikuja kukukamata, nisikufiche. Nilikaa nyuma nikiangalia tumbo lako, si uso wako. Ukaimba, na mimi bado naangalia tumbo. Kisha ule mstari ukakaribia, nikaona mbavu zako zinafunguka chini ya mshono wangu, kitambaa chote kikajaa, na sauti ikatoka mpaka huku mlangoni nilipo. Ukamaliza, gauni likashuka taratibu, kiuno kikarudi cha Januari. Nikajua nimekukosea. Nilitoka kwa aibu. Nisamehe.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Unajua niliacha chuo cha ualimu mwaka wa pili. Hujui nilijuaje kuwa wewe upo. Sikwenda kwa daktari. Nilikuwa najishonea sketi ya mazoezi ya kufundisha, nikajizungushia futi kiunoni, ikasema inchi mbili na nusu zaidi. Nyonga zile zile. Nikamwandikia bibi yako kwamba niko salama na masomo yanaendelea. Naye akajibu, tunashukuru kusikia hivyo. Hakuuliza neno. Nikabeba peke yangu mpaka tumbo likajisemea lenyewe mbele ya watu. Hapo niliapa, wangu mimi nitamuuliza, hata anichukie.

Umeulizwa vibaya, lakini umeulizwa.

Nimefuta mstari wa Januari kwenye daftari. Nimeandika vyako vipya, na pembeni, pamoja na pumzi. Juzi nilijipima mwenyewe hivyo hivyo, nimejaza mbavu. Kiuno kiliongezeka inchi mbili kasoro robo, kwa goti bovu na umri huu. Mteja aliyekuwa akisubiri alidhani nimepagawa.

Limebaki moja tu. Yule mpiga kinanda. Nilikuwa nyuma, naona kila kitu. Wimbo mzima hakutazama vidole vyake hata mara moja. Sasa mtu anayepiga kinanda bila kutazama vidole, anatazama nini?

Nijibu kwa barua, na namba zote uandike kwa mkono wako.

Mama yako