Upande wa Kupandia

Jumapili, 3 Machi

Mjomba hajarudi.

Alitoka baada ya chai, fimbo mkononi, kofia ya sufi kichwani, akapanda njia nyekundu kama kila Jumapili. Kwa kawaida mchana anakuwa ameshashuka, anapita hapa kuomba maji na kuwacheka wanaolalamikia magoti. Leo hakupita. Sasa giza linaingia na ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa ya nyumba. Namwita mjomba ingawa hatuna damu moja. Ni jirani yetu, fundi saa mstaafu, na ndiye aliyenifundisha njia zote za mlima huu kabla sijaota meno ya ukubwani.

Baba Watoto ameondoka na pikapu ya kampuni ya simu anayoiendesha, pamoja na waokoaji. Watapita barabara ya mnara wa simu, wafike juu kwa gari, halafu washuke kwa miguu wakimwita. Nimebaki na watoto. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatatu, 4 Machi

Amepatikana! Yu hai!

Walimkuta asubuhi kwenye korongo, kule njia ya zamani inakoishia, amejikunja ndani ya koti, mkono wa kushoto umevunjika. Alikuwa anatetemeka, lakini akawauliza waokoaji kama walisimama njiani kunywa chai. Nililia mbele ya watu wa zahanati bila aibu.

Halafu nikasikia anachokisema, machozi yakakatika. Kwamba jiwe lilikuwa tupu. Kwamba tulimwambia afuate alama, naye kafika jiweni, hakuna alama, basi akaenda moja kwa moja.

Niandike vizuri, kichwa kinazunguka. Maporomoko ya mwaka jana yalikula kipande cha njia nyekundu. Ofisi yetu ya njia za mlima ikachonga njia mpya: ukifika kwenye lile jiwe kubwa, unakata kushoto. Ukinyoosha kama zamani, unaishia korongoni. Tukabandika matangazo mpaka sokoni, msifuate mazoea, fuateni alama. Na mchora alama wa hapa ni nani? Ni mimi.

Waokoaji wanasema alama ipo. Kubwa, nyekundu, inawaka. Wameiona kwa macho yao wakishuka. Mmoja akagusa kichwa chake kwa kidole, wenzake wakaelewa. Mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Wakishuka – hilo neno nimeliandika na mkono ukasimama.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kuangalia kabla ya kazi. Nikapanda kutoka chini kama anavyopanda yeye. Nimefika jiweni. Tupu! Ukoga na kinyesi cha ndege, basi. Nikalizunguka. Upande wa pili, mshale wangu, mzuri, umenyooka, unamwonyesha njia mtu anayetoka juu. Anayetoka chini haoni kitu.

Katika kazi yetu jambo la kwanza unalofundishwa ni kuchora ukiwa unapanda. Unasimama anaposimama mpandaji, unaweka rangi pale jicho lake linapotua. Ukirudi, unachora za washukaji. Kila jiwe mara mbili. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Lakini siku ile magoti yalikuwa yanauma, kopo la rangi zito, na Baba Watoto alikuwa anapeleka dizeli mnarani. Akasema panda garini. Nikapanda garini! Nikachora njia nzima nikishuka, huku naimba. Upande wa kupandia nikajiambia kesho. Kesho yake ikanyesha. Baada ya hapo nikamwambia mkuu kazi imekwisha, na nikaamini mwenyewe kwamba imekwisha.

Kwingine haikudhuru, njia inajionyesha yenyewe. Jiweni ndipo mtu anahitaji kuambiwa.

Nimemweleza Baba Watoto. Akaacha kutafuna. Akasema ninyamaze, mzee yuko hai, mkono utaunga, na kwamba nikifungua mdomo kazi sina, naye ataulizwa alikuwa anafanya nini na abiria kwenye gari la kampuni. Kisha akaomba chumvi. Nilimpa chumvi.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi nilikwenda kwa mkuu nikiwa nimejikaza. Huyu tunamwita Bwana Kesho, kwa sababu kila jambo kwake ni kesho. Leo, eti, ndiyo amekuwa na haraka. Kabla sijakaa akasema waokoaji wameisifu alama yangu, na anataka niwafundishe wengine. Nikasema asante. Asante! Mdomo huu.

Jioni kwa Mjomba. Binti yake, ambaye namwita Dada, amefika kutoka mjini, na sauti yake ya kuendesha mikutano. Hana ubaya. Amepika, amepiga deki, amempangia baba yake dawa kwenye kisahani. Lakini anazungumza juu yake huku amekaa palepale. Baba hawezi kuishi peke yake, anasema. Baba atahamia kwangu, ghorofa ya nne, kuna lifti.

Mjomba ameketi kwenye meza yake ya kazi, plasta ngumu mkononi, kioo chake cha jicho, kile cha kukuzia vipuri vya saa, kimelala mbele yake. Akaniambia nisikilize. Akataja wajukuu wake wote, mkubwa mpaka mdogo, na shule wanazosoma. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo: "Nimepatia?"

Nikasema umepatia, Mjomba.

"Kwa sababu mimi sikuliona, mwanangu. Nililitazama jiwe lile mpaka nikaligusa. Kama alama ilikuwepo na sikuiona, basi kuna kitu humu ndani kimelegea. Ningependa kujua ni kipi."

Niliangalia meza. Nilikuwa nakuja hapa utotoni kumtazama akifanya kazi. Watu walikuwa wanaleta saa, wanasema imesimama tu yenyewe. Yeye anafungua, anaona maji, anaona mhimili umepinda, anajua kabisa imeangushwa kwenye beseni. Hasemi. Anaiweka mezani katikati yao, anafuta kioo chake, anasubiri. Karibu wote walikuwa wanasema wenyewe mwishowe. Nilimuuliza siku moja kwa nini hawaambii tu. Akacheka, akasema akiwaambia yeye watakasirika na fundi, wakisema wao wataitunza saa.

Leo hakusubiri kitu kwangu. Hanishuku hata kidogo. Hilo ndilo linaloniua.

Alhamisi, 7 Machi

Nimelichora.

Nilitoka ofisini mapema, nikapanda na kopo na brashi, magoti yakilia yalie. Nikalisugua jiwe, nikapiga mshale upande wa kupandia. Rangi ya mafuta, nene, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayeziba tundu la boti. Najua nilichojiambia: kuna watu wanapanda Jumamosi, kuna watoto wa shule, hatari lazima iondolewe leo hii. Na ni kweli, sikusema uongo. Lakini nilipokuwa naifunga brashi kwa gazeti niliona nafuu moja chafu ikiingia kifuani, kwamba sasa hakuna atakayejua.

Nimekula vizuri. Baba Watoto amenisifia rangi ya uso.

Ijumaa, 8 Machi

Mungu wangu!

Dada amekuja kazini. Amevaa vizuri, amechoka macho. Anasema baba yake amegoma kufunga mizigo. Usiku kucha anarudia jiwe lilikuwa tupu, jiwe lilikuwa tupu. Basi wamekubaliana kama watu wazima: kesho wanapanda wote mpaka jiweni, si mbali, nusu saa juu ya nyumba za mwisho. Kama alama haionekani kwa anayepanda, Dada ataomba radhi na kurudi mjini peke yake. Kama inaonekana, mzee anapanda gari Jumapili na nyumba inafungwa.

"Na wewe uje," akasema, "wewe ndiye mchoraji. Anakuamini."

Nilikuwa nimeshika kopo lilelile. Nilipaswa kulitua na kusema Dada, subiri, kaa hapa. Maneno yalikuwa mezani, yaani nilikuwa nayaona kabisa, nikashindwa kuyaokota. Nikauliza saa ngapi.

Nimefikiria kupanda alfajiri niifute. Ndiyo, hata hilo! Nitapeli mara ya pili ili kurekebisha ya kwanza. Nimejichukia nikabaki kitandani.

Jumamosi, 9 Machi

Ukungu mzito tangu jana. Kila kitu kinadondosha maji.

Alipanda vizuri kuliko mimi. Fimbo mkono wa kulia, plasta kifuani, akinitania kwamba magoti yangu yanapiga kelele kama mlango wa stoo. Alikuwa na furaha! Alikuwa na uhakika. Dada nyuma yetu kwenye viatu visivyofaa. Nilitamani njia irefuke.

Tukatokea kwenye kona. Hapo kila mtu aliona. Nyekundu, kubwa kama mlango.

Sitasahau uso wake. Haukuanguka, ulizeeka tu, hapo hapo nikiutazama. Alisimama. Dada akasema, "Baba," kwa upole kabisa, na nikajua alikuwa amepanda akitumaini kushindwa.

Mjomba akanipa fimbo nimshikie. Akasogea jiweni, akauegemeza mkono wake mzima juu ya mshale, kama mtu anayepumzika. Alipoutoa akautazama, mgongo wake ukiwa kwa Dada. Kiganja chote kilikuwa chekundu. Kwa ukungu huu rangi nene haikauki upesi, na mimi mchoraji nilijua, na yeye sasa amejua.

Akanitazama. Si kwa hasira. Ningeipokea hasira kwa mikono miwili.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Akatoa leso, akajifuta taratibu, kidole kwa kidole, kama alivyokuwa anafuta kioo chake. Akaikunja leso, akaitia mfukoni. Kisha akamgeukia binti yake.

"Ipo. Umeshinda, mama. Tushuke, viatu vyako vitaharibika."

Tukishuka, pale penye utelezi, aliniambia niangalie mguu.

Jumapili, 10 Machi

Sijalala. Baba Watoto anasema mzee mwenyewe amekubali, kwa nini nichokonoe. Nimemwambia kwamba ikibidi, nitasema nilipanda kwa miguu, yeye simtaji. Akasema si hilo. Nikasema basi ni nini? Amekwenda kuosha gari ambalo aliliosha jana.

Kutoka dirishani naona kila kitu. Gari la Dada limegeuzwa tayari kichwa kuelekea barabarani. Anabeba mizigo mwenyewe: sanduku, blanketi, redio. Meza ya kazi haikuingia, imeachwa kibarazani, na Mjomba ameketi nyuma yake kama zamani. Kofia ya sufi. Kwenye plasta kuna alama nyekundu, alijigusa nadhani.

Jirani wa juu ameniletea ujumbe sasa hivi. Mzee anaomba niende kumsaidia kufunga kamba za viatu, mkono mmoja hautoshi. Kamba za viatu! Binti yake yuko pale, ana mikono miwili.

Naangalia tena. Ametoa leso mfukoni. Ameitandaza mezani, mbele yake, katikati. Doa linaonekana mpaka huku. Sasa anafuta kioo chake cha jicho kwa pindo la shati, polepole, na hatazami gari. Anatazama nyumba yetu.

Dada amefunga buti ya gari. Anamwita, nasikia, Baba, tutachelewa. Yeye ameinua kidole kimoja, subiri.

Nimevaa kiatu kimoja. Cha pili sikioni, nimewauliza watoto, kipo chini ya kitanda. Naenda kusema mwenyewe.