Kipimo cha Mama na Jina Langu

Jumamosi. Jua la Mbita limechoma tangu asubuhi, na mimi sijielewi.

Leo nimempeleka Mama kliniki apimwe kama mwili na akili vinalingana na miaka yake sitini na tisa. Ndugu zangu hawataki aendelee kuishi peke yake huku. Wanataka nimhamishie kwangu Migori. Mama hataki hata kusikia, hawezi kuacha omena yake, wale dagaa wa ziwani anaowaanika. Basi tukakubaliana kipimo kiamue.

Mwili, wueh! Ameinuka kitini mara kadhaa bila kushika popote, kisha akasimama kwa mguu mmoja huku akinicheka. Nesi akasema huo ni mwili wa miaka hamsini. Mimi nilijaribu huo mguu mmoja nikadaka ukuta.

Ikaja zamu ya akili. Nesi, binti mgeni huku kwetu, akamuuliza ana watoto wangapi.

"Wapo," Mama akajibu.

Na wajukuu? "Wapo pia." Akageukia dirisha. Mwishowe nikaambiwa akili yake ni ya mtu wa miaka themanini na kitu.

Jameni, kwetu mzazi hahesabu watoto wake! Ukiwahesabu unawaitia mabaya, na Mama ameshazika mmoja. Nilimweleza nesi, akaniangalia kwa huruma tu. Nilikasirika. Nikatoka pale nimeamua Mama yuko sawa kabisa na abaki kwake.

Mchana tukaketi kula. Mama akaombea chakula, halafu akatuombea sisi mmoja mmoja kwa jina, kama kawaida yake. Nikawa namfuata moyoni. Kaka mkubwa, yupo. Pacha, wapo. Wajukuu wote, hata wifi yangu ambaye Mama hapatani naye. Nikafurahi, nikatamani nesi angekuwepo asikie.

Akasema amina.

Mimi hakunitaja. Na nilikuwa nimemshika mkono.

Labda huwa haombei aliye karibu naye? Nimejaribu kukumbuka alivyokuwa akiomba zamani nikiwepo. Sikumbuki. Sasa ni nani hapa apimwe akili?

"Kula, nyathina, samaki anapoa," akaniambia. Nyathina, yaani "mtoto wangu" kwa Kijaluo. Ndivyo anavyoniita siku zote. Ama ni tangu lini?

Kaka amepiga simu mara mbili kuuliza kipimo kimesemaje. Sijapokea. Mama yuko nje anageuza omena, anaimba, hana habari.

Nimekaa hapa mlangoni nangoja aniite kwa jina.