Waliomngoja Zulfa

Mwanahamisi, shoga yangu,

Kama ungekuwa bado unakaa pale mtaa wa pili, nisingekuandikia. Ningekuja mbio na kandambili zangu, nikugongee, nikuambie keti kwanza, usisimame, nina habari. Sasa huko uliko sina mlango wa kugonga, basi nakuandikia. Ukikicheka Kiswahili changu cha Uvira, kicheke tu. Nimekikosa kicheko chako.

Habari ni za Zulfa, na ni nzuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu naujua moyo wako.

Unakumbuka mtoto tuliyekuwa naye. Unamtuma spaza, lile duka la mtaani, akalete mkate, anarudi na maziwa, kwa sababu jina la mkate lilimkatalia mdomoni na la maziwa likakubali. Ulikuwa unayapokea yale maziwa na kusema asante mwanangu, kisha unatoka mwenyewe kwenda kununua mkate. Shule ya kwanza walikuwa wakimmalizia maneno, mwalimu na wanafunzi, wengine kwa kejeli na wengine kwa huruma, hata akaacha kabisa kuyaanza. Miaka kumi na miwili, na mtoto anaishi kwa kutikisa kichwa.

Halafu ikaja ile siku uliyorudi kutoka mtaa wa Observatory na futi ya kupimia bado imening'inia shingoni. Ulikuwa umekwenda kupima madirisha ya ukumbi wa shule, wakupe kazi ya kushona mapazia. Mimi nilikuwa saluni, nina kichwa cha mteja mikononi, ukaingia bila hodi. "Salome, nimeona ajabu." Ukaniambia kuna shule ya Marafiki kule kilimani, wale ambao wengine huwaita Wakweka. Ukaniambia watoto wa umri wa Zulfa, wale ambao hawajui kutulia hata wakila, wameketi kwenye duara, kimya. Hakuna mimbari. Hakuna anayehubiri. Hakuna fimbo. Umesimama juu ya ngazi na pini mdomoni, unaogopa hata kushuka usije ukatoa mlio.

Nikakuuliza, wanafanya nini? Ukasema, "Wanangoja." Nikauliza, wanangoja nini? "Sijui, shoga. Lakini watoto wanaojua kungoja namna ile hawatamcheka mwanangu."

Ndivyo ulivyoamua. Hukuuliza kwanza watu wa msikitini, hukumwuliza kaka yako Tanga. Ulikwenda kwa mkuu wa shule na mtoto umemshika mkono, na Januari Zulfa akaanza darasa la saba. Ulishtuka tu kusikia watoto wanamwita mwalimu wao Thandeka, jina kavu, bila hata "mwalimu" mbele. Ulisema, "Hii sasa ni ya Wakweka, mimi nitamwita Mwalimu Thandeka mpaka kufa."

Na ndivyo ilivyokuwa.

Ule Julai sitausimulia, unaujua. Kifua, baridi, hospitali, basi. Wanaume wakakubeba kwenda makaburini, mimi nikabaki na Zulfa chumbani kwako, kati ya vitambaa vya watu ambavyo havijamalizwa. Hakulia. Nilimhamishia kwangu, nikamtandikia kitanda karibu na dirisha. Wiki zikapita. Nikamsuka, nikamfungua, nikamsuka tena, ili tu nipate sababu ya kumshika kichwa. Hakusema neno, hata lile la maziwa.

Sikiliza sasa. Ijumaa moja Mwalimu Thandeka akanipigia simu, akasema siku hiyo wazazi hukaribishwa kuketi na watoto, nije. Nikaenda. Mimi, Mwanahamisi, ni mtu wa makanisa ya ngoma na vipaza sauti. Kwetu mtu akinyamaza kanisani tunadhani amesinzia. Nikaketi kwenye kiti cha mbao, nikashika mkoba wangu, nikasikia matumbo ya watu yakinguruma, nikasikia njiwa juu ya bati. Mapazia yako yalikuwa yananing'inia mbele yangu, yale ya buluu. Watoto wale wanaruhusiwa kusimama na kusema, kama mtu ana neno linalomsukuma kweli. Kama hana, hanyanyuki. Siku nyingi hakuna anayesimama.

Zulfa akasimama.

Akafungua mdomo, na neno likakwama. Unalijua lile la kukwama, macho yanavyofumba, shingo inavyokaza. Nikatazama huku na huku, nikangoja yule atakayecheka, au yule mwema atakayemsaidia, maana wema ndio waliomwumiza zaidi. Hakuna. Watoto thelathini na zaidi, na hakuna aliyehema kwa nguvu. Hawakumkodolea macho. Hawakutazama saa. Walimngoja kama mtu anavyongoja mvua ambayo ana hakika itanyesha.

Na ikanyesha. "Ma-ma-mama yangu," akasema kwa Kiingereza chao, na katikati pakawa na nafasi ndefu ya kutosha kupika chai, "alishona mapazia haya."

Akaketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Kimya kikarudi, lakini hakikuwa kile cha mwanzo. Nilihisi kimejaa, kama nyumba yenye wageni. Msichana mmoja, Lerato, akatazama mapazia, halafu mwingine, halafu wote wakayatazama, polepole, na wewe ukawa umo mle ndani, shoga. Sisemi kwa mfano. Ulikuwa umo. Mwishoni walimu wawili wakapeana mikono, ndiyo ishara yao ya kufunga, na kila mtu akamgeukia jirani yake akampa mkono. Mtoto wa watu nisiyemjua akanipa wake, na mimi nikashindwa kuuachia.

Njiani kurudi nyumbani, pale kwenye robot, taa za barabarani, Zulfa akaniambia, "Mamdogo, nina njaa." Nililia mpaka taa ikabadilika mara mbili.

Desemba kaka yako Rajabu akaja kumchukua. Usimkasirikie. Alikuwa na haki yake, ni mjomba, na Tanga walikuwa wamesikia kuwa mtoto yuko shule ya watu wasio na shehe wala padri. Aliketi kwenye kochi langu akasema, "Dada Salome, nakushukuru kwa malezi, lakini watamgeuza dini." Nikamwambia, shule haijafunga bado, kesho nenda ukaone kwa macho yako. Akaenda, na kanzu yake na kofia yake. Alipotoka alikuwa mpole kama mtu aliyeoga. "Mle ndani," akasema, "nimemaliza uradi wangu wote na hakuna aliyenikatiza."

Lakini lililomtuliza si hilo. Jioni alimwuliza Zulfa mwenyewe anataka nini. Zulfa akaanza, akakwama, na kaka Rajabu, kwa mapenzi, akaanza kumjazia, "Unataka kurudi ny..." Mtoto akainua kiganja. Hivi, taratibu, bila dharau. "Mjomba, ni-ningoje." Shoga, nilitaka kujificha jikoni. Mtoto kumsimamisha mjomba! Rajabu akamngoja. "Nataka ku-kubaki hapa. Na kila Ijumaa ni-nitakupigia nikusomee sura niliyohifadhi." Rajabu akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Akasema, "Basi, mwanangu. Umesema." Na kila Ijumaa anapigiwa. Siku nyingine sura fupi inachukua muda wa sura ndefu, na yule mtu hakati simu.

Darasa la nane wakamfanya msuluhishi. Pale shuleni watoto wakigombana hawapelekwi kwanza kwa mkuu, wanaketishwa na mwenzao aliyefundishwa kusikiliza. Mwanzoni nilidhani wamempa cheo cha huruma. Nikamwuliza Mwalimu Thandeka, akacheka, akasema watoto wanamchagua wenyewe. Mtu akisema mbele ya Zulfa anapata nafasi ya kumaliza, na akishamaliza husikia mwenyewe alichosema. Kulikuwa na mvulana aliyemwita mwenzake kwerekwere, hilo tusi lao la sisi wageni. Zulfa akawaketisha. Akamwomba yule mvulana aseme tena, polepole, na maana yake. Mvulana akalianza lile neno na hakuweza kulimaliza. Nilipomwuliza Zulfa yeye alisema nini baada ya hapo, akashangaa. "Si-sikusema kitu, Mamdogo."

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka huu Septemba jiji liliwaka tena. Maduka ya wageni yakavunjwa, mengine yakachomwa. Mtaa wa Fordsburg wakafunga, wa Yeoville wakafunga, na mimi nikashusha mlango wa chuma wa saluni. Shule ikaita mkutano ukumbini, wazazi, walimu na watoto wa darasa la tisa. Marafiki hawapigi kura. Wanazungumza na kunyamaza, wanazungumza na kunyamaza, mpaka waone njia ambayo wote wanaweza kuifuata, na Mwalimu Thandeka ndiye aliyekuwa akiuongoza mkutano kwa kuusikiliza.

Bibi yake Lerato akasema kwanza. Ni Mzulu, mtu mzima, tunamwita Gogo, na hana ubaya hata chembe. Alisema watoto wa wageni wapitie mlango wa nyuma, ule wa uchochoroni, waje mapema kabla ya wenzao, na wasivae sare. "Nisingetaka kumzika mtoto yeyote wa hapa," akasema. Watu wakaitikia. Mimi pia nilitikisa kichwa kukubali. Mzazi mmoja wa Burundi akasema Mungu ambariki Gogo. Ilikuwa imekwisha. Mwalimu Thandeka akauliza, kama wanavyouliza siku zote, kama kuna mtu ambaye moyo wake haujatulia.

Zulfa akasimama.

King'ora cha polisi kikapita barabarani na yeye bado yuko kwenye neno la kwanza. Watu wazima wote wale, wenye hofu, wenye gari zimeegeshwa nje na giza linakaribia, na hakuna aliyesogeza kiti. Akasema, nakuandikia kwa mfululizo lakini haikuwa mfululizo, "Najua mnatupenda. Lakini nikipita mlango wa nyuma kila siku, nitajifunza kwamba mimi ni mtu wa mlango wa nyuma. Na Lerato naye atajifunza hivyo kuhusu mimi."

Yule baba wa Burundi akamwuliza, "Na wakikupiga, mtoto?"

"Naogopa," akasema Zulfa. "Sikusema si-siogopi."

Kimya kile, Mwanahamisi. Nimewahi kusimama kando ya Ziwa Tanganyika asubuhi ambayo halina hata kiwimbi, na sikuwahi kusikia kimya kama kile. Mtu mmoja, tena mtoto, tena mgeni, tena yeye, amesema hapana, na mkutano mzima umesimama kwa ajili yake kama magari yanavyosimama kumpisha mama mwenye mzigo. Kilikatizwa na Gogo aliyeshika magoti akainuka. "Basi," akasema, "tutapanda kilima sote."

Na tulipanda. Asubuhi yake tukakutana chini ya kilima, watoto wa hapa na wa wageni wamechanganyika, wote na sare, wazazi pembeni. Kwenye kona, mbele ya duka lililovunjwa, palikuwa na vijana wamesimama, na mmoja ana rungu. Gogo hakupunguza mwendo. Alimshika Zulfa mkono, akawasalimu kwa Kizulu kama anavyosalimiwa mtoto wa jirani. Wakaitikia. Wangefanyaje, ni bibi. Mmoja akaizima sigara yake. Tukapita, tukaingia lango kuu, na ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimeshikilia mkanda wa begi la mtoto wa mtu mwingine njia nzima.

Tulipanda hivyo mpaka jiji likapoa.

Nimefikiri sana, shoga, ni nini walichompa. Kigugumizi hawakukiondoa, bado kipo, na siku za baridi huzidi. Dini yake hawakuigusa. Hawakumfundisha kusema kwa haraka wala kwa sauti. Naona kama walimfundisha tu kwamba neno lake lina thamani ya kungojewa, na mtoto akishaamini hilo, eish, huwezi tena kumpitisha uchochoroni. Wewe uliliona juu ya ngazi, na pini mdomoni, siku moja tu. Mimi imenichukua miaka mitatu.

Wiki ijayo anamaliza pale. Januari anaanza sekondari Braamfontein, shule kubwa, watoto wengi, kengele, mbio, hakuna duara. Jana nilikuwa namsuka, nikashindwa kujizuia, nikamwambia, mwanangu, kule hawajui mambo ya kungoja, utafanyaje?

Akafikiri. Mkono wangu ukatulia nyweleni.

"Ni-nitawazoeza, Mamdogo."

Basi nikuage, shoga yangu. Mungu akupanulie ulipolala. Nakuahidi hivi: Desemba hii nampeleka Tanga kwa mama yako, ambaye miaka yote amezoea kumsikia akiguna tu simuni, maana zile sura za Ijumaa Rajabu huzisikiliza peke yake. Sitamtangulizia bibi habari yoyote. Nitaketi pembeni, nitafunga mdomo wangu huu unaoujua, na Zulfa atasema mwenyewe.

Rafiki yako,
Salome