Pikapu Iliyonyooshwa

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo huko kazini? Mimi sijambo, ila nyumba haina furaha. Mdogo wako alipata ajali Jumatatu akipeleka rangi kwa mteja. Lori lilimgonga kwa nyuma, pikapu ikasukumwa hadi mtaroni, mguu ukavunjika mahali pawili. Dereva wa lori, bila haya, ameapa mbele ya polisi kwamba kijana wetu alimkatiza mbele ghafla. Mwongo mkubwa! Daktari anasema mguu utapona ukiwekewa vyuma. Bima ya lori ikilipa, watamfanyia mara moja.

Pikapu isikutie wasiwasi. Nilipotoka hospitali sikuweza kukaa, mikono ikaniwasha. Isitoshe, fundi wa bodi za magari kama mimi kuweka gari lililobonyea mlangoni ni sawa na kinyozi mwenye nywele timtim. Nimenyoosha mkia wote na kupiga rangi. Ukiiona hutaamini kama iligongwa.

Baba yako

11 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, ila barua yako imenikata maini. Umeinyoosha? Mkia ule ndio ulikuwa shahidi wetu! Gari linalokatiza hugongwa ubavuni, halipondwi nyuma. Mkaguzi wa bima atatazama nini sasa? Najua ulikuwa na uchungu, Baba, lakini nina hasira na siwezi kuficha. Tafuta bampa la zamani, vipande vya taa, mtu aliyeona, chochote.

Binti yako

24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Afya yangu ni ya kusukuma tu. Bampa na taa nilimpa mnunuzi wa vyuma chakavu siku ileile, naye keshaviuza. Muuza maji aliyeona ajali hataki kusikia habari za polisi.

Mkaguzi alikuja juzi, kijana mpole. Akachuchumaa nyuma ya pikapu, akapitisha kiganja taratibu. "Mzee, mbona hapa hapajaguswa?" Nikamwambia nimenyoosha mimi. Akacheka, akidhani namtania: "Basi wewe ni fundi wa ajabu!" Nilitamani aniite fundi mbovu.

Leo wameleta jibu: hawalipi. Mguu umeanza kunuka. Pikapu nimeitangaza, wanunuzi wanataja bei ya kutupa.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo Baba,

Poleni sana. Nimekopa kazini, fedha zinakuja. Nakuomba jambo moja: usimwambie mdogo wangu kwa nini bima ilikataa. Apone kwanza.

Binti yako

19 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Fedha zako zilifika, ahsante, lakini zilimkuta mdogo wako ameshakatwa mguu, juu ya goti. Nilitia sahihi mimi.

Niliufunga mdomo kama ulivyoniomba. Yeye akawa anawaambia wagonjwa wote kwamba mkaguzi alikula rushwa ya wenye lori. Jumapili mkaguzi akaja kumjulia hali, mfuko wa matunda mkononi. Mdogo wako akamtemea mate usoni. Kijana wa watu akajifuta. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema mbele ya wodi nzima: mwanangu, usimwonee, ni mimi niliyeinyoosha.

Mdogo wako akageukia ukutani. Tangu siku hiyo nikimpa chakula hakigusi. Nesi akikipokea kwangu mlangoni akampelekea yeye, anakula. Basi nakaa pale nje, nasikiliza kijiko.

Nesi huyo anahamishwa Ijumaa. Njoo kabla hajaondoka.

Baba yako