Simu Hanyang'anywi, na Kukataa Nitamfundisha

Jumamosi. Mvua ya asubuhi imekatika, mtaa wetu wa Shika Adabu wote ni matope na mvuke, nguo hazikauki. Nina hasira tangu juzi na sina mpango wa kupoa.

Niandike ilivyokuwa, maana humu ndani kila mtu ana yake.

Juzi alasiri nilikuwa kwenye cherehani namalizia sare za mteja. Kadzo, binti yangu wa gredi ya tano, alikuwa mkekani na simu yangu ya zamani, ile niliyomwachia kwa kazi za shule. Masomo ya siku hizi hayakamiliki bila picha. Mtoto afue soksi, mzazi arekodi, atume. Mtoto apande sukuma wiki kwenye mkebe, mzazi arekodi, atume. Akiniita nimrekodi, naacha cherehani naenda. Tumezoea.

Siku hiyo hakuniita. Alikuja akasimama kando yangu. "Mama, mwalimu anataka video nyingine. Lakini anasema nijirekodi peke yangu chumbani, na wewe nisikwambie."

Mguu ulinigandia kwenye pedali.

Huyo "mwalimu" ameweka picha ya ubao na chaki, na namba yake si ya mwalimu yeyote. Nilimpigia mwalimu wa darasa, akashtuka kuliko mimi. Naamini namba ya Kadzo mtu huyo aliitoa kwenye kundi letu la wazazi, ambako tunatuma picha za watoto na sare zao na majina yao yote matatu, huku kiungo cha kujiunga kikizunguka mtaani kama tangazo la mkutano wa injili. Alianza na hesabu. Akasahihisha vizuri, akasifu. Halafu akaanza kuuliza mama hutoka saa ngapi, na mtoto hulala na nani.

Na Kadzo wangu, jamani, alimjibu kwa adabu zote. Shikamoo mwalimu. Abee mwalimu. Asante mwalimu. Nilizisoma zile abee nikalia. Video hakutuma, namshukuru Mungu.

Sikufuta hata neno moja. Jana nilikwenda na simu kituo cha polisi, nikaandikisha malalamiko, kisha nikaifungia namba ya mtu huyo asiweze kutuma kitu tena. Halafu nikaandika kwenye kundi la wazazi, wazi, bila kuzunguka. Mwenyekiti wa kundi akanijibu kwamba mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani, natia watu hofu, nifute.

Sikufuta. Sifuti. Na asiyetaka kuogopa aondoe kwanza picha ya mtoto wake pale.

Baba Kadzo, ambaye yuko safarini na trela, alisema kwenye simu nimnyang'anye mtoto hicho kidude nikivunje. Mavyaa, mama yake, tunayeishi naye, yule Kadzo anayemwita Hawe, alitaka bakora. Mtoto wa kike haongei na wanaume asiowajua, hilo kwake halina mjadala, na amenuna kwa sababu nimekataa.

Nimekataa, ndiyo. Mtoto ameniambia mwenyewe! Wangapi hawasemi? Nikimpiga leo kwa kuniambia, siku nyingine atanyamaza, na huyo mtu wa ubao na chaki hakuna anachokitaka zaidi ya hicho. Simu pia hanyang'anywi. Hesabu za sehemu zilimtoa machozi muhula mzima, amezielewa juzi juzi kwa video za simu hiyo hiyo. Sitamzimia mtoto taa kwa sababu nje kuna mwizi. Ila atasomea hapa, ukumbini, kando ya cherehani, mlango wazi, na hakuna picha inayotoka kabla sijaiona.

Kinachonikera hasa ni zile abee. Tumemfundisha kumwitikia kila mkubwa, na naipenda adabu yake, sitaki aiache. Lakini hakuna aliyemfundisha kumkatalia mkubwa. Si mimi, si kanisa, si shule.

Basi leo asubuhi nikamketisha. Mimi ndiye huyo mtu, nikamwambia, wewe nikatalie. Nikakunja uso, nikamwamuru atume video na mamake asijue. Akainamisha kichwa: "Abee... siwezi mwalimu, samahani." Nikamwambia hakuna samahani, hujamkosea mtu. Tukarudia, sauti ikazidi kuwa ndogo. Tukarudia tena akaanza kucheka, maana anajua ni mimi tu.

Mavyaa alikuwa mlangoni juu ya mbuzi, anakuna nazi. Akaiweka nazi chini. Nikajua sasa nitasemwa.

"Hawasemi hivyo hao," akasema. "Wewe wamkaripia."

Akamgeukia mjukuu wake, na sauti iliyomtoka ilikuwa laini, tamu, sauti ambayo sijapata kuisikia kwake tangu niolewe hapa.

"Kadzo, mwanangu mzuri. Wewe si kama hawa wengine, wewe una akili. Njoo nikupe kitu. Mamako tusimwambie, eh? Atakugombeza bure."

Kadzo aliacha kucheka. Akarudi nyuma mpaka ukutani. "Sitaki," akasema. Kisha akapaza sauti mpaka nadhani jirani alisikia: "Sitaki, Hawe! Na namwambia mama!"

"Ee. Hivyo hivyo," bibi yake akasema, akaokota nazi yake.

Aliikuna mpaka kifuu kikabaki kitupu na bado hakuacha. Nikajifanya natafuta uzi.

Maneno yale hakuyabuni leo. Kuna mtu aliwahi kumwambia yeye, kwa sauti ile ile, naye amekaa nayo mpaka amekuwa bibi. Nimeshinda siku nzima na uchungu ambao sikuutarajia, kwa mtu niliyekuwa nimeshajiandaa kugombana naye.

Nimemwambia mume wangu, nimeliambia kundi zima, kwamba mtoto akisema atasikilizwa. Sina wasiwasi na hilo, nitalisimamia hata wanitoe kwenye kundi.

Na Mavyaa je? Nitathubutu kumwuliza?