Ndoo ya Shaba za Dörfler

Cincinnati, Julai 1864

Mdogo wangu Honora,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kikohozi cha mama kimepungua. Mimi naendelea, ila mgongo umechakaa kwa kupakua mapipa ya nyama ya nguruwe hapa mtoni.

Umeniuliza nauli yako ya meli ya kuja huku kwangu imefikia wapi. Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vianze huku, watu wameficha sarafu zote, hata senti hazionekani. Basi wenye maduka wakajitengenezea senti za shaba zenye majina yao. Msimamizi wetu alitulipa kwa zile za Dörfler, Mjerumani anayeuza vyakula na pombe, na mtaa mzima ulizipokea. Wenzangu walizibadilisha kwa noti za serikali kila Jumamosi. Mimi nilikataa. Unakumbuka baba alivyobaki na noti za karatasi tu mkononi benki ilipofunga milango. Nikasema shaba haichaniki, nikazijaza kwenye ndoo chini ya kitanda miezi kumi na minne. Tierney, ninayelala naye chumba kimoja, alinicheka: eti we Malachy, hiyo ndoo itaanza kutaga lini?

Mwezi uliopita serikali ikazipiga marufuku. Mwokaji mikate alinirushia zangu, akasema nikatengenezee vifungo vya suruali. Nikabeba ndoo hadi kwa Dörfler, nikamsihi anipe noti. Akasema noti hana, sheria imemkaba na yeye, ila atanipa bidhaa mpaka Jumamosi, basi.

Padri nimemwambia Mjerumani alinidhulumu. Wewe sitakudanganya. Alinionyesha magunia ya unga. Tierney akasema, twende ndugu yangu, tukauze kwa wake wa askari, angalau nusu ya nauli itarudi. Nikamjibu kesho. Nilikuwa na hasira, nikaomba glasi moja tu ya wiski. Ilikuwa Jumatatu. Kufika Jumamosi ndoo ilikuwa tupu, na hakuna aliyenishika mdomo kuninywesha.

Usimuuze ng'ombe, Honora, safari haipo tena. Na kama majirani wameshakufanyia mkesha wa kukuaga, wakakulilia na kukubariki, waambie meli ilijaa.

Msalimie mama, mfunike vizuri usiku. Mungu awe nanyi zaidi ya nilivyokuwa mimi.

Kaka yako,
Malachy Hehir